Ni dola gani ya kale iliyouendeleza ustaarabu kuliko nyingine? Mimi nasema Abbasia

#1 Mwalimu Mstaafu
Habari za jioni, wanajukwaa. Nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 31, na swali ambalo wanafunzi hawakuchoka kuniuliza ni hili: kati ya dola kubwa zilizopita, ni ipi iliyouendeleza ustaarabu wa binadamu kuliko nyingine? Darasani nilikuwa najibu kwa tahadhari, kwa sababu mtihani ulitaka orodha, haukutaka msimamo wa mwalimu. Sasa nimestaafu na ninaweza kusema bila woga kwamba ni dola ya Abbasia, ile ya makhalifa wa Baghdad.

Dola nyingi zilijenga ngome, barabara na makaburi ya wafalme wao. Abbasia ilitumia hazina yake kukusanya maarifa ya mataifa mengine na kuyaweka katika lugha moja. Khalifa al-Mansur aliuanzisha mji wa Baghdad mwaka 762, na haikupita hata karne moja na nusu kabla vitabu vya Kigiriki vya tiba, falsafa na elimu ya nyota, pamoja na vya Kihindi na vya Kiajemi, havijaanza kusomwa huko kwa Kiarabu. Hunayn ibn Ishaq, ambaye alikuwa Mkristo, alitafsiri maandishi ya tabibu Galen. Thabit ibn Qurra wa Harran, ambaye hakuwa Mwislamu wala Mkristo, alishughulikia jiometri. Al-Khwarizmi aliandika kitabu kilichoipa aljebra jina lake, na jina lake yeye mwenyewe likazaa neno algoriti ambalo vijana wa kompyuta wanalitamka kila siku. Sifuri tunayoiandika na karatasi tunayoiandikia ni zawadi za dola hiyo. Aliye na dola nyingine ailete hapa tuipime.

#2 Wakili Msomi
Shikamoo, Mwalimu. Naleta Roma, na sitahangaika sana kuitetea kwa sababu inajitetea yenyewe. Kalenda tunayopangia kesi zetu ilitokana na ile aliyoianzisha Julius Caesar mwaka 45 kabla ya Kristo, na miezi ya Julai na Agosti bado ina majina ya watawala wa Roma. Hata siku 31 za Agosti zilitokana na Augustus kukataa mwezi wake uwe mfupi kuliko wa Julius. Saruji ya Warumi, iliyochanganywa na majivu ya volkano kutoka Pozzuoli, ndiyo iliyosimamisha kuba la Pantheon lenye upana wa mita 43, na hadi leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo lililolizidi. Zaidi ya hayo yote kuna sheria. Mfalme Justinian aliamuru sheria za Roma zikusanywe na kupangwa kati ya mwaka 529 na 534, na mkusanyo huo ndio msingi wa sheria za nusu ya dunia.

#3 Binti Pemba
Shikamooni. Nina marekebisho matatu kabla uzi haujaota mizizi mahali pasipofaa.

La kwanza ni sifuri. Mwalimu, sifuri haikuzaliwa Baghdad. Kanuni za kuijumlisha na kuizidisha kama namba kamili ziliandikwa na Brahmagupta huko India mwaka 628, zaidi ya karne moja kabla Baghdad haijakuwako. Neno letu ndilo lililotoka kwenye Kiarabu *sifr*, nalo lilimaanisha kitu kitupu.

La pili ni karatasi. Utengenezaji wake ulitoka China. Neno lenyewe lina safari ndefu zaidi, kwa kuwa Waarabu walilipata *qirtas* kutoka Kigiriki, na Wagiriki walilitumia kwa mafunjo ya Misri. Kwa hiyo katika neno moja la Kiswahili tuna mmea wa Mto Nile, jina lililopitia kwa Wagiriki na Waarabu, na kitu chenyewe kilichotengenezwa na Wachina.

La tatu ni la Wakili Msomi. Kisa cha Augustus kuiba siku ili mwezi wake ulingane na wa Julius kilitungwa katika zama za kati. Mwezi huo ulipewa siku 31 katika marekebisho ya Julius mwenyewe, ulipokuwa bado unaitwa Sextilis.

#4 Mwalimu Mstaafu
Marahaba, Binti Pemba. Nakubali kwamba nilisema "zawadi" pale nilipopaswa kusema "mzigo uliopitia." Lakini nisikilizwe. Brahmagupta aliandika mwaka 628, na Ulaya ilibaki na namba za Kirumi kwa karne nyingi baada ya hapo, ikihesabu kwa kokoto na ubao. Aliyeuvunja ukuta huo ni al-Khwarizmi. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na kijana mmoja wa Pisa, tunayemjua kwa jina la Fibonacci, alijifunza hesabu hizo Bejaia, katika Algeria ya leo, ambako baba yake alikuwa na shughuli za biashara. Mwenye mbegu na mwenye jahazi wote wana haki ya kutajwa. Ninachodai ni kwamba mwenye jahazi hutajwa kidogo kuliko anavyostahili.

#5 Mchapaji wa Kariakoo
Naleta China. Nimefanya kazi ya uchapaji tangu enzi za herufi za risasi, tulipokuwa tunazipanga moja moja kwenye fremu, kinyumenyume, hadi macho yanauma. Kwa hiyo mtu aniambiapo habari za ustaarabu, mimi huuliza kwanza nani alichapa.

Kitabu kongwe zaidi kilichochapwa na chenye tarehe yake ndani ni cha Kibudha, nacho kilichapwa mwaka 868, wakati wa nasaba ya Tang, kwa mbao zilizochongwa ukurasa mzima. Chini ya nasaba ya Song, katika miaka ya 1040, Bi Sheng alitengeneza herufi za udongo uliochomwa ambazo zingeweza kupangwa, kuvunjwa na kupangwa upya. Watu hushangaa kwa nini Wachina hawakuachana na mbao mara moja. Aliyewahi kupanga herufi haoni ajabu: sisi tulikuwa na kisanduku cha herufi chache, ilhali mchapaji wa Kichina alihitaji alama maelfu. Kwake kuchonga ubao mzima kulikuwa nafuu, na ubao huo uliweza kuhifadhiwa miaka mingi kwa ajili ya toleo jingine.

Ongezeni fedha za karatasi zilizosimamiwa na serikali huko Sichuan katika miaka ya 1020, dira ya sumaku aliyoieleza Shen Kuo, na mitihani ya kuajiri watumishi wa umma, ambayo ilikaa zaidi ya miaka 1,000 na kufutwa mwaka 1905. Sarafu za Song zimefukuliwa hata Zanzibar. Roma ipi hiyo?

#6 Wakili Msomi
Mchapaji, nakuuliza kwa heshima: kama China ilikuwa na baruti, dira na uchapaji, mbona haya yote yaliigeuza Ulaya kuliko yalivyoigeuza China? Na kwa Binti Pemba, nimeupokea ukosoaji wa Agosti. Nitaacha kuwasimulia makarani wangu kisa hicho, ingawa walikuwa wanakipenda.

#7 Msomaji wa Bukavu
Salamu kutoka Kivu. Namuunga mkono Wakili kwa upande mmoja na kumkatalia kwa upande mwingine.

Nilisomea sheria Bukavu, kisha nikafanya kazi miaka michache Arusha. Siku za mwanzo nilikuwa kama mtu aliyeingia jikoni kwa jirani. Wenzangu wa Arusha, wakipata mgogoro wa mkataba, walikuwa wanatafuta hukumu za zamani na kuuliza jaji fulani aliamua nini katika kesi inayofanana. Sisi kwetu tunafungua kwanza kitabu cha sheria na kutafuta kifungu. Chanzo cha tofauti hiyo ni kwamba ninyi mlirithi mfumo wa Kiingereza, ambao haukutegemea sana mkusanyo wa Justinian, na sisi pamoja na Rwanda na Burundi tulirithi mfumo wa Kibelgiji, uliotokana na sheria ya Napoleon ya mwaka 1804, ambayo nayo ilichota kwa Warumi. Kwa hiyo, Wakili, unamtetea babu ambaye ni wetu zaidi kuliko wako.

Ninachokataa ni kuiita zawadi. Amri kuhusu mikataba ambayo bado tunaitumia Kongo ilitolewa mwaka 1888, chini ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Inasema kwa lugha nzuri sana kwamba makubaliano yanahitaji ridhaa ya anayejifunga. Si miaka mingi baadaye, katika nchi hiyohiyo, watu walikuwa wanakatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Nilikisoma kifungu hicho mara nyingi nikiwa mwanafunzi, na kila mara nilijiuliza ni ridhaa ya nani iliyokuwa inazungumzwa.

#8 Mjukuu wa Lamu
Mbona tunapima bila kuitazama mizani? Neno "ustaarabu" limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ya asili ni kujifanya au kuwa kama Mwarabu. Mwalimu ameuliza ni dola gani iliyoleta "ustaarabu" kisha akachagua dola iliyotawala kwa Kiarabu. Hata angetaka kushindwa asingeweza. Tukisema "utamaduni," tunarudi kwenye *madina*, yaani mji, na hapo wafugaji wote wanaachwa nje ya lango. Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno "uungwana," nalo lilimaanisha mtu aliye huru, mwenye adabu na anayejua kuishi na watu, ila lilimtenga mtumwa. Hakuna neno lisilo na doa hapa, lakini tujue kila moja lina doa gani.

#9 Binti Pemba
Mjukuu wa Lamu amenifungulia mlango. Kama tunaipima Abbasia, tuweke pia Basra kwenye mizani. Katika maeneo ya chumvi ya kusini mwa Iraq, watu walioitwa Zanj, jina lilelile ambalo mabaharia waliita pwani yetu, walikuwa wanakwangua tabaka la chumvi juu ya ardhi ili mashamba ya matajiri yalimike. Mwaka 869 waliasi wakiongozwa na Ali ibn Muhammad, wakaiteka Basra mwaka 871, na vita havikuisha hadi mwaka 883. Wanahistoria wanabishana ni wangapi kati yao waliotoka Afrika Mashariki na ni wangapi waliotoka kwingine, wakiwemo wakulima maskini wa hapohapo. Lakini karne iliyomtoa Hunayn ndiyo iliyotoa uasi ule. Mwalimu, katika miaka yako 31, ulilifundisha hilo katika somo lilelile la aljebra?

#10 Mwalimu Mstaafu
Sikulifundisha. Nililiweka chini ya mada ya biashara ya watumwa, wiki nyingine kabisa, na sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Nimenyooshwa.

#11 Mkulima wa Njombe
Ninawasoma kwa makini tangu jana na ninaona mnajadili karatasi na sheria kama watu ambao hawali. Mimi nalima viazi mviringo. Viazi hivi vilizoeshwa kilimo katika milima ya Andes, Amerika Kusini, maelfu ya miaka kabla Wainka hawajawa dola. Mahindi yalitokana na majani fulani ya Mexico yapata miaka 9,000 iliyopita, ingawa sisi tumeyapa jina la Wahindi. Muhogo ulitoka Amerika Kusini ukaletwa na Wareno. Hakuna mfalme aliyeamuru vitu hivi viwepo.

Hata hivyo Wainka nitawapa alama. Walikuwa wanavianika viazi kwenye baridi kali usiku, wanavikanyaga mchana kutoa maji, na kupata kitu kikavu kinachoitwa *chuño* ambacho hukaa kwa miaka. Ufundi huo ni wa wakulima wa zamani kuliko dola, lakini Wainka ndio walioujengea maghala kando ya barabara zao ndefu, bila magurudumu na bila maandishi, wakiweka hesabu kwa kamba zenye mafundo. Mwaka juzi gunia zangu 60 zilioza kwa kusubiri lori wakati wa mvua. Mtu akiniuliza dola ipi ilikuwa na akili, nitataja iliyojua kutunza kiazi.

#12 Mwenyeji wa Nizwa
Assalam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, na ninaishi Oman. Sijaona mtu aliyeitaja Uajemi ya akina Koreshi na Dario, dola iliyotawala kutoka Mto Indus hadi Misri kwa kutumia Kiaramu katika ofisi zake, lugha ambayo haikuwa ya mfalme. Barabara yake ya Susa hadi Sardis ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 2,500, yenye vituo vya kubadilishia farasi. Na huku kwetu watu husema kwamba ni Waajemi walioleta falaj, yaani mfereji unaochukua maji chini ya mlima na kuyaleta kijijini kwa mteremko tu, bila pampu.

#13 Mhandisi wa Maji
Ndugu wa Nizwa, hilo la falaj lina ubishi mkubwa. Wachimbaji wa mambo ya kale katika eneo la Al Ain, upande wa Emirati, walipata mfereji wa aina hiyo ambao wanaukadiria kuwa na miaka 3,000, yaani karne kadhaa kabla ya Koreshi kuingia Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo. Wapo wanaosema ufundi ulitoka Uajemi mapema zaidi, wapo wanaosema ulianzia Uarabuni, na wapo wanaosema ulizuka sehemu mbili bila watu kuambiana.

#14 Mwenyeji wa Nizwa
Shukrani, Mhandisi. Wazee wa hapa wana maelezo ya nne, kwamba mifereji ilichimbwa na majini kwa amri ya Nabii Sulaiman. Ninachoweza kushuhudia kwa macho yangu ni mgawo. Maji hugawanywa kwa zamu inayoitwa *athar*, kama nusu saa hivi, na zamani zamu ilipimwa kwa kivuli cha mti mchana na kwa nyota usiku. Wenye zamu wanajuana wao kwa wao na msimamizi wao.

#15 Kijana wa Kampala
Kurasa mbili sasa na Afrika imetajwa kwa uasi na kwa mikono iliyokatwa tu. Wapi Kushi ya Sudan ya leo, ambayo mafarao wake, kama Taharqa, waliitawala Misri yenyewe? Wapi Aksum, iliyotengeneza sarafu zake za dhahabu katika karne ya tatu na kutuachia maandishi ya Ge'ez, ambayo Waethiopia na Waeritrea wanayatumia hadi leo? Wapi Mali ya Mansa Musa, aliyefika Kairo mwaka 1324 na dhahabu nyingi hadi bei yake ikashuka?

#16 Mchapaji wa Kariakoo
Aksum nakupa mara moja, kwa sababu ya herufi. Kushi pia, ingawa maandishi ya Meroe, mji wake mkuu, tunaweza kuyatamka bila kuyaelewa vizuri, na hilo linaniuma kama mtu wa kazi hii. Mansa Musa nisamehe. Kushusha bei ya dhahabu ya watu si kuendeleza ustaarabu. Mtetee kwa vitabu vya Timbuktu, usimtetee kwa mfuko wake.

Na niseme jambo linalonigeuka mimi mwenyewe. Kitabu kongwe kilichobaki ambacho kilichapwa kwa herufi za metali zinazopangika ni cha Korea, cha mwaka 1377, na Korea ya wakati ule haikuwa dola ya kutawala wengine. Gutenberg naye, aliyeanzisha uchapaji wa herufi hizo Ulaya, alikuwa fundi wa Mainz mwenye madeni.

#17 Fundi Chokaa
Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri. Nimewahi kufanya kazi ya kukarabati kuta za kale kusini mwa pwani yetu. Mawe ya matumbawe tuliyachoma juu ya rundo kubwa la magogo, yakawa chokaa, kisha tukaiacha ikae kwa miezi kabla ya kuitumia, kwa sababu chokaa changa hupasuka ukutani. Kwa ufundi huo watu wa Kilwa waliezeka Msikiti Mkuu kwa makuba na kujenga jumba la Husuni Kubwa. Msafiri Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 alikuta mji unaopendeza. Walikuwa na sarafu zao zenye majina ya masultani wao. Lakini Kilwa, Mombasa, Malindi na Pate zilikuwa miji iliyofanya biashara, ikagombana na kuoana. Hapakuwa na dola moja iliyoikalia yote.

Angalieni na kwingine. Maandishi yalianza Uruk, kwa Wasumeri, karibu miaka 1,000 kabla ya Sargon wa Akkad kujenga ile inayoitwa dola ya kwanza. Alfabeti ilisambazwa na wafanyabiashara wa miji ya Foinike. Hata Brahmagupta wa Binti Pemba aliandika baada ya dola ya Gupta kuanguka. Nadhani dola hukuta vitu vimekwisha kuvumbuliwa.

#18 Msomaji wa Bukavu
Fundi, hoja yako ni tamu lakini ina tundu. Qin Shi Huang, mwaka 221 kabla ya Kristo, alilazimisha vipimo, mizani, maandishi na hata upana wa ekseli za mikokoteni vifanane katika China yote. Miji yenye kugombana isingeweza kukubaliana hivyo. Kuna mambo yanayohitaji mtu mmoja mwenye nguvu, na ubaya ni kwamba mtu huyohuyo huchoma vitabu.

#19 Mwalimu Mstaafu
Na wakati mwingine huchoma na kujenga kwa mkono uleule. Hulagu, mtawala wa Wamongolia, aliiangamiza Baghdad mwaka 1258. Mwaka uliofuata alianza kumjengea Nasir al-Din al-Tusi kituo cha kutazama nyota huko Maragha. Sijui Wamongolia niwaweke upande gani wa daftari.

Nimebadilisha kipimo changu, ingawa dola sijabadilisha. Sasa nauliza kingepotea nini kama dola fulani isingekuwepo. Sehemu ya pili ya kitabu cha Galen kuhusu upasuaji wa miili ilipotea katika Kigiriki, na imebaki kwa Kiarabu tu. Bila Hunayn na wenzake tusingekuwa nayo.

#20 Mhandisi wa Maji
Kwa kipimo hicho, Mwalimu, sehemu kubwa ya maandishi ya Kigiriki tuliyo nayo leo, tamthilia, historia na mashairi, haikutunzwa Baghdad. Ilinakiliwa Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo. Wafasiri wa Abbasia walitaka tiba, hesabu na falsafa, na hawakujishughulisha na tamthilia.

#21 Wakili Msomi
Nashukuru sana, Mhandisi, kwa maana watu wa Konstantinopoli walijiita Warumi hadi mji wao ulipoanguka mwaka 1453, na Waarabu wenyewe waliwaita *Rum*. Roma imerudi kwa mlango wa nyuma na inaomba kiti.

#22 Mkulima wa Njombe
Waliandika juu ya nini huko Konstantinopoli?

#23 Binti Pemba
Kwa karne nyingi, juu ya ngozi za kondoo, mbuzi na ndama. Na ile "daftari" ya Mwalimu asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi ya mnyama.

#24 Mkulima wa Njombe
Basi Mjukuu wa Lamu awaambie wafugaji waingie langoni.